Siku Saba Chini ya Magunia Mabichi

Kinu cha mpunga kilianza kuunguruma saa moja asubuhi. Mama Kinu alianza kuwa na wasiwasi saa kumi na mbili.

Ndivyo alivyoumbwa. Mashine ikiunguruma sana, aliogopa mkanda utakatika. Ikiunguruma kidogo, aliogopa imeishiwa nguvu. Ikinyamaza, basi tena, alishika kichwa na kukaa chini.

Mumewe hakuwa hivyo. Yeye alikuwa na hofu moja tu maishani, nayo ni unyevu. Kila mkulima aliyeleta mpunga alipokelewa na swali lile lile, hata kabla ya salamu.

"Ni kavu?"

Kisha alichukua punje moja, akaitia menoni na kuibana. Ikilia kwa ugumu, aliridhika. Ikibonyea, mtu alirudishwa na magunia yake akaanike upya. Mpunga wenye unyevu huvunjikavunjika mashineni, na ukikaa ghalani huota ukungu. Kwa hiyo watu walimwita Mzee Kavu. Mwenyewe aliona ni sifa, na alipoitwa aliitika kwa sauti kubwa.

Kinu chao kilikuwa chumba kirefu chenye paa la mabati. Mchele ulitoka mbele ya mashine. Pumba, yaani yale maganda makavu ya mpunga, zilitoka nyuma kwa bomba na kuangukia uani. Ziliangukia hapo kila siku, mwaka baada ya mwaka. Lundo lake lilikuwa refu kuliko mlango.

Kila Jumamosi Mzee Kavu alilitia moto. Pumba haziwaki kwa ndimi za moto. Zinaungua chini kwa chini, polepole, na kutoa moshi mzito wa kijivu. Moshi huo ulipanda ukuta wa uani na kushukia upande wa pili. Upande wa pili kulikuwa na zahanati.

Mama Kinu alikuwa akisikia watu wakikohoa huko ng'ambo ya ukuta. Alisikia kwa miaka, lakini alijifanya hasikii. Moyoni alijua, na jambo hilo lilimkera kama mchanga ndani ya kiatu.

Jumatatu moja bwana afya alibisha hodi. Alikuwa kijana mrefu, ana daftari kwapani na kufuli jipya mkononi. Kufuli ndilo Mama Kinu aliloliona kwanza.

"Karibu, bwana afya. Karibu kiti."

"Asante, mama. Leo sikai." Akamgeukia Mzee Kavu. "Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Nyuma ya ukuta huu kuna nini?"

"Zahanati."

"Na ndani ya zahanati kuna nani?"

"Si wagonjwa?" alijibu Mzee Kavu, tayari amekunja uso.

"Haya. Mgonjwa anakuja na homa, anaondoka na homa pamoja na kikohozi chako. Moshi huu una chembe ndogo sana, huzioni kwa macho. Zinaingia kifuani na kukaa humo. Watoto wachanga na wazee ndio wanaoumia zaidi. Muuguzi ameleta malalamiko mara tatu."

"Sasa pumba nizipeleke wapi? Nizile?"

"Hilo sasa ni juu yako, mzee wangu. Nakupa wiki tatu. Usiwashe tena hata njiti moja. Lundo lianze kuondoka, na unionyeshe pumba za kila siku zitakuwa zinakwenda wapi. Si maneno, nataka kuona kwa macho. Nikirudi nisipoona kitu, mlango huu naufunga."

Akalitikisa kufuli kidogo, akaondoka.

Mama Kinu alikaa juu ya gunia. Kinu ndicho kilichowalisha, ndicho kilichowasomesha watoto wao watatu. Kikifungwa mwezi mmoja, wakulima watahamia kinu cha ng'ambo ya mji. Na mkulima akishahama harudi.

"Usiogope," mumewe alimwambia.

"Nisiogope nini? Umeliona lile kufuli?"

"Nimeliona."

"Basi niache niogope."

Wiki ile walihangaika. Wafuga kuku walichukua magunia kumi ya kutandika mabandani. Mwenye bustani alichukua matano ya kufunika udongo wake usikauke. Mama Kinu alishukuru, lakini alipotazama lundo, lilikuwa kama limepunguzwa nywele tu. Na mashine iliendelea kumwaga nyingine.

Ijumaa jirani yao alipita. Alikuwa fundi mwashi, mwanamke mcheshi mwenye mabega mapana, na mfukoni hakukosa mwiko wa kupigia lipu. Kwa hiyo aliitwa Fundi Mwiko.

"Shoga, mbona umekaa kama mtu anayesubiri hukumu?"

"Ndiyo naisubiri." Mama Kinu akamweleza yote.

Fundi Mwiko alilitazama lundo. Kisha akachota pumba kiganjani na kuzipuliza.

"Unajua nimetoka kumaliza jengo moja? Ukumbi wake kuta zimepambwa kwa paneli. Vibao vyembamba, vina nakshi, utasema mbao ya kuchonga. Nikauliza huu ni mti gani. Wakanicheka. Kumbe si mti! Ni pumba za mpunga na saruji."

"Pumba hizi hizi?"

"Hizi hizi mnazochoma. Hakuna mti uliokatwa, hakuna moshi. Walikuwa wanazitengeneza pale pale uani, nikawasaidia wiki mbili. Unachanganya pumba na saruji na maji, unashindilia kwenye kalibu, ile fremu ya mbao kama ya matofali, halafu..."

Gari la kazini likapiga honi barabarani. Fundi Mwiko akanyakua mfuko wake.

"Nakwenda kazini, narudi Ijumaa ijayo. Nitakueleza vizuri. Usianze bila mimi!"

Mama Kinu alisikia yote isipokuwa maneno matatu ya mwisho.

Kesho yake alikuwa na mfuko wa saruji. Mzee Kavu aling'oa mbao za mlango wa zamani, akapiga kalibu ya mraba. Mama Kinu ndiye aliyepata wazo la nakshi. Nyuma ya mashine kulikuwa na bati la chujio lililochakaa, limetobolewa matundu marefu marefu yaliyojipanga. Akalilaza chini ya kalibu. Walipomwaga mchanganyiko, wakashindilia na kugeuza, paneli ilitoka na mistari mizuri kama mkeka uliosukwa.

"Tumepata!" alipiga kelele Mama Kinu.

Mzee Kavu aliigusa kwa kidole. Akakunja uso.

"Hii ni mbichi."

"Si ndiyo kwanza imetoka?"

"Basi ianikwe."

Wakatengeneza kumi. Wakazitoa zote kwenye jua kali la saa sita, juu ya sakafu ya kuanikia mpunga. Mzee Kavu alizigeuza kila baada ya saa moja, huku na huku, kwa uangalifu wa mtu anayejua kazi yake. Hakuna aliyeona kosa. Katika kinu kile kitu kibichi ni kitu kibovu, na dawa yake ni jua. Ndivyo walivyoishi miaka ishirini.

Jioni Mama Kinu aliinua paneli ya kwanza. Ikakatika katikati. Ya pili ikameguka mkononi kama keki iliyokauka. Ya tatu hakuiinua.

"Saruji kidogo hiyo," alisema Mzee Kavu. "Tuongeze."

Wakaongeza. Paneli zikawa nzito zaidi na zikameguka vile vile. Wakajaribu tena Jumatano, wakazianika juu ya mabati ambako jua ni kali zaidi. Hizo hazikungoja hata jioni.

Ijumaa Fundi Mwiko aliporudi alikuta malundo mawili, moja la pumba na moja la vipande vya paneli. Alisimama akashika kiuno.

"Nilisemaje mimi?"

"Nilishindwa kusubiri," alisema Mama Kinu, na machozi yakamlengalenga. "Zimebaki siku kumi, dada. Kumi! Nikifumba macho naona kufuli."

Fundi Mwiko hakumlaumu. Alichukua kipande, akakisugua kati ya vidole. Kikawa vumbi.

"Mmekosea mara mbili. Kosa la kwanza, pumba hamkuziosha."

"Pumba zinaoshwa?"

"Pumba zimetoka kwenye mmea. Ndani yake kuna vitu kama utomvu na sukari kidogo. Zikilowa vinatoka, na vikikutana na saruji vinaizuia isishike. Hata ungetia mifuko mitatu ya saruji, ni kazi bure. Chemsha maji, tia chokaa kidogo, loweka pumba humo mpaka kesho yake. Utaona maji yamekuwa rangi ya chai. Hayo ndiyo yaliyokuwa yanakuharibia kazi. Yamwage kwenye shimo, si mferejini. Suuza pumba kwa maji safi, kisha zikauke kidogo kivulini."

"Na kosa la pili?"

"La pili analo shemeji yangu huyu."

"Mimi?" Mzee Kavu alijishika kifua.

"Wewe, shemeji. Umeanika."

"Sasa kitu kibichi nisikianike?"

"Saruji si mpunga. Mpunga unakauka, saruji inaiva. Na inaiva kwa maji. Maji yanapokaa ndani, saruji inajifunga na chembe moja inashikana na nyingine, siku baada ya siku. Ukiyanyonya mapema kwa jua, inabaki unga. Paneli inatakiwa ikae na unyevu."

"Kwa muda gani?"

"Siku saba."

Mzee Kavu akatafuta kiti, akakaa. Katika maisha yake hakuna mtu aliyewahi kumwambia aache kitu kibichi siku saba, tena kwa makusudi.

Walianza upya siku ile ile. Fundi Mwiko aliwavalisha barakoa na glavu kwanza.

"Vumbi la pumba linakwaruza mapafu, na saruji inababua ngozi. Tusiache kukohoa kwa moshi tukakohoa kwa vumbi."

Waliloweka pumba. Kesho yake maji yalikuwa kweli kama chai, na Mama Kinu aliyatazama kwa hasira, kama anamtazama mwizi aliyekamatwa. Wakasuuza, wakakausha kivulini. Jumapili wakapima ndoo nne za pumba kwa ndoo moja ya saruji. Maji walitia kidogo kidogo.

"Finya konzi moja," alisema Fundi Mwiko. "Donge likishikana bila kuchuruzika, inatosha. Likichuruzika umezidisha. Likibomoka umepunguza."

Mzee Kavu alikuwa amepiga kalibu nyingine zikafika kumi, na bati la chujio amelikata vipande vya kuzitosha. Walizipaka mafuta ili mchanganyiko usigande, wakaushindilia kwa gogo. Juu ya kila moja wakaweka ubao, na juu ya ubao magunia mawili ya mpunga yaukandamize. Jumatatu wakazitoa paneli kwenye kalibu, wakazipanga kwenye kona yenye kivuli, wakazifunika kwa magunia mabichi na turubai.

"Nyunyizeni maji asubuhi na jioni," alisema Fundi Mwiko. "Na jambo kubwa ni hili, msifunuefunue. Upepo nao unakausha. Ziacheni kama mtu aliyelala."

Ah, kuziacha! Mama Kinu aliweza kubeba gunia, kukesha na mgonjwa na kugombana na mteja mkaidi. Kuacha kitu bila kukitazama hakuweza. Kila saa alijikuta amesimama kwenye ile kona, mkono uko kwenye pindo la turubai. Zimeshika? Zimepasuka? Mbona kimya? Alijishika mkono kwa mkono mwingine na kurudi kazini.

Jumanne, ili ajitoe pale, alizunguka ukuta akaenda zahanati. Alitaka kuomba radhi na kueleza habari za paneli. Muuguzi alimsikiliza, kisha akamwonyesha chumba cha kusubiria. Lipu ilikuwa imebanduka, na chini ya dirisha kulikuwa na weusi wa masizi. Kwenye benchi mama mmoja alikuwa amempakata mtoto anayekohoa kikavu. Mama Kinu aliona aibu hadi masikio yakapata moto.

"Ukuta huu tunataka kuukarabati," alisema muuguzi. "Nikiziona hizo paneli zenu, na zikiwa imara, tutaanza nazo. Lakini nizione kwanza."

Alirudi na tumaini kidogo. Jumatano akaenda sokoni akiwa mwepesi. Aliporudi, turubai lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni, magunia yametundikwa kwenye kamba, na paneli zimepangwa juani. Mzee Kavu alikuwa anazigeuza.

Kapu lilimtoka mkononi.

"Baba watoto! Umefanya nini?"

"Zilianza kunuka uvundo," alisema mumewe kwa sauti ndogo. "Nilipita nikasikia ile harufu ya unyevu. Nilishindwa, mke wangu. Nilizionea huruma."

"Huruma? Umezionea huruma paneli?"

Zilikuwa zimejikunja pembe, na nyufa zimetambaa juu yake. Mama Kinu alilia kwa sauti, hapo uani, mbele ya wakulima wawili waliokuja na mpunga wao. Mzee Kavu alisimama hajui mikono aiweke wapi.

Zilibaki siku tano. Hawakuwa na muda wa kununa. Jumatano ile ile waliloweka pumba. Alhamisi wakasuuza, wakazikausha kivulini, na jioni wakashindilia. Ijumaa jioni wakazitoa na kuzifunika. Mama Kinu alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, na kila mara jibu lilikuwa lile lile. Bwana afya atakuja Jumatatu. Paneli zitakuwa katika siku ya nne.

Na Jumatatu alikuja kweli, na kufuli lake.

Alizunguka uani. Hapakuwa na moshi wala majivu mapya. Pumba za karibuni zilikuwa ndani ya magunia, chini ya kibanda. Lakini lile lundo kubwa lilikuwa bado limesimama.

"Mmeacha kuchoma, nawapongeza. Kuku na bustani nimesikia. Hizi nyingine zote zinakwenda wapi?"

"Kwenye paneli za kupamba kuta," alisema Mama Kinu. "Zile pale, chini ya magunia."

"Vizuri. Funua nione."

Mzee Kavu akapiga hatua. Mkono wake ulishafika kwenye turubai.

"Usifunue!" alisema Mama Kinu.

Wote wawili wakamgeukia. Hata yeye alishangaa.

"Mama," alisema bwana afya taratibu, "nilisema nataka kuona kwa macho."

"Nimesikia. Lakini zimelala tangu Ijumaa. Leo ni siku ya nne. Zinataka saba. Nikifunua leo utaona kitu kilichoanza kushika, na kesho kitapasuka. Tumeshapasua nyingi, bwana afya, vipande vyake vile pale. Njoo Ijumaa."

"Nikiondoka bila kuona, nitamwambia nini mkubwa wangu? Kwamba nimeambiwa kuna kitu chini ya gunia?"

"Mke wangu," alinong'ona Mzee Kavu, "tufunue kidogo tu. Pembe moja."

Moyo ulimdunda Mama Kinu mpaka akausikia kooni. Alimtazama mumewe, akalitazama kufuli. Hofu yote ya wiki tatu ilikuwa imesimama mbele yake. Akapiga moyo konde.

"Funga kinu," alisema.

"Unasemaje?"

"Funga, bwana afya. Tia kufuli lako. Ijumaa uje na ufunguo. Ukikuta hakuna kitu, ondoka, liache kufuli mlangoni. Lakini yale magunia usiyaguse."

Bwana afya alilipima kufuli mkononi. Huenda alikuwa hajawahi kuona mtu akiomba afungiwe. Kisha akazima mashine kwa mkono wake, akafunga mlango, akatia kufuli. Likalia ka!

Hizo siku hazikwenda. Ukimya wa kinu ulimwumiza Mama Kinu masikioni. Wakulima walikuja, wakaona kufuli, wakauliza, wakaguna. Mmoja, mteja wa miaka mingi, alipakia magunia yake tena kwenye mkokoteni na kuelekea ng'ambo ya mji bila kuaga. Mama Kinu alimtazama hadi akakata kona. Nimekiua kinu mwenyewe, aliwaza. Kwa mdomo wangu.

Asubuhi na jioni alinyunyiza maji. Alinyunyiza na kuondoka upesi, kabla mkono haujamponza. Jumatano alichelewa kidogo. Alipofika kwenye ile kona alimkuta Mzee Kavu ameinama na kopo la maji, anayalowesha magunia taratibu, pembe moja hadi nyingine.

"Yalianza kukauka," alisema, bila kugeuka.

Mama Kinu aliketi karibu naye, na siku ile, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, alikula akashiba.

Ijumaa jioni walikusanyika wanne, mume, mke, Fundi Mwiko na bwana afya. Muuguzi alichungulia juu ya ukuta, amepanda kitu gani hakuna aliyejua.

"Funua wewe," Mama Kinu alimwambia Fundi Mwiko, akageuza uso. "Mimi siwezi."

Alisikia turubai likikunjwa. Alisikia magunia mabichi yakivutwa. Kisha ko, ko, ko, mwiko unagonga.

"Geuka, shoga. Sikiliza."

Ko, ko. Ilikuwa sauti ya kitu kigumu.

Paneli zilikuwa kumi. Mbili zilikuwa zimemeguka pembe, na Fundi Mwiko alisema hapo hawakushindilia vizuri. Nane zilikuwa nzima, zimenyooka, na mistari ya chujio imekaa juu yake safi. Bwana afya aliinua moja kwa mikono miwili. Akaigonga kwa funguo. Akaimwagia kopo zima la maji na kungoja. Maji yalitiririka kwenye mistari, yakaisha, paneli ikabaki vile vile.

"Naweza kuikanyaga?"

"Wewe!" Fundi Mwiko aliruka. "Hii ni ya kupamba ukuta wa ndani, si ya kubeba mzigo. Usiifanye nguzo, usiifanye paa. Sasa itapumzika kivulini wiki mbili, ikauke polepole, ndipo ipakwe rangi."

"Ikauke," alirudia Mzee Kavu, na uso ukamchanua kidogo.

"Kila paneli inakula pumba kiasi gani?" bwana afya aliuliza.

"Zaidi ya ndoo moja," alisema Mama Kinu. "Kwa kalibu zetu kumi, tutatengeneza kumi kila siku. Lundo halitaisha mwezi huu, sikudanganyi. Lakini halitaongezeka."

Bwana afya aliandika kwenye daftari. Aliandika kwa muda mrefu, au ndivyo Mama Kinu alivyoona. Kisha akaenda mlangoni, akafungua kufuli, akalitia mfukoni.

"Nitarudi baada ya miezi mitatu," alisema. "Siku sisemi."

Mama Kinu alijaribu kusema asante. Badala yake alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya kuanikia, akalia kwa kwikwi.

"Sasa unalia nini, na kimefunguliwa?" mumewe alimwuliza.

"Niache. Haya ni ya wiki tatu nzima."

Miezi mitatu ilipita. Ukuta wa chumba cha kusubiria cha zahanati ulivaa paneli zile nane za kwanza, zimepakwa rangi ya kijani hafifu. Shule ya jirani iliagiza za ukumbi wake. Lundo lilishuka hadi usawa wa kiuno. Yule mteja wa miaka mingi alirudi, akiwa amenuna kidogo, akaulizwa "Ni kavu?" kama kawaida. Wanawake wawili wa mtaani walikuja kujifunza, na kila mmoja alionyeshwa kwanza maji ya rangi ya chai, kisha magunia mabichi.

Asubuhi moja Mama Kinu alikuwa anashindilia, ana glavu na barakoa, alipoona kivuli mlangoni. Akainua macho. Alikuwa bwana afya, na daftari lake kwapani.

"Hodi hapa, mama."

"Karibu, mwanangu. Kiti kile pale. Nimalize hii kwanza, nikiiacha katikati itaharibika."

Bwana afya akaketi, akasubiri. Mama Kinu alishindilia pembe zote nne, polepole, akaweka ubao, akaweka magunia juu yake. Alikuwa amekwisha kunawa mikono ndipo alipotambua kwamba moyo wake haukuwa umedunda hata kidogo.